Mkono wa Kwanza

Saa mbili asubuhi Subilaga Mwaisumo alimwinua mama yake, akamwegemeza kwenye mito miwili, akatazama kama ile alama ya wino kwenye mrija wa tumboni ilikuwa palepale ilipokuwa jana. Haikuwa imesogea. Akapitisha maji mililita thelathini, taratibu, kama alivyowafundisha wanafunzi wa uuguzi kwa miaka ishirini na sita. Kisha akafungua lishe, akaushika mkono wa mama yake na kusubiri.

Kioo kilichokuwa juu ya kitanda kikaanza kuandika chenyewe.

*Mkazi: Bi. Mbutolwe, miaka 84. Njia: mrija wa tumboni. Kiasi: mililita 250. Mkono: Subilaga. Mapokezi: 12.*

Kumi na mbili. Alitelezesha kidole kurudi nyuma hadi mlo wa jana jioni, ingawa alijua atakachokiona, na alijua kitamuuma. *Mkono: Sekela. Mapokezi: 71.*

Mama alikuwa amefumba macho. Tangu kiharusi kimwangushe, mwezi wa pili mwaka huo wa 2083, hakuwahi kumeza wala kusema neno. Nyuma ya sikio lake la kushoto kilibandikwa kidude chembamba kama ganda la kitunguu, nacho ndicho kilichoitwa mpokezi. Kila mzee aliyelishwa kwa mrija au kwa mshipa katika Makao ya Lupando, na katika makao yote ya nchi, alikuwa nacho. Mpokezi hakikusoma mawazo. Kilisoma namna mwili unavyojiandaa chakula kinapokuja: mate, mapigo ya moyo, mwendo wa tumbo, ile misuli midogo ya uso inayokunjuka au kukunjamana. Hayo yote kiliyajumlisha kuwa namba moja, kutoka sifuri hadi mia, kisha kikaandika na jina la aliyekuwa akilisha, kwa kuwa kila mhudumu alivaa pete iliyojulisha mkono wake.

Kabla ya Sheria ya Mapokezi kumbukumbu ziliandikwa kwa kalamu, na kalamu ilichoka. Subilaga aliyaona hayo mwanzoni mwa kazi: zamu inakaribia kwisha, nesi anakaa na kujaza nafasi zote zilizo wazi kwa mkupuo mmoja. Kuna wazee waliolishwa miaka sita bila yeyote kuwauliza kama bado wanataka. Kuna na waliopitisha siku nne bila tone huku daftari likisema wameshiba. Sheria ilipokuja Subilaga aliishangilia. Ni yeye aliyekwenda kila wodi kufundisha wenzake, akiwaambia: "Kumbukumbu ni sauti ya asiyeweza kusema."

Sasa sauti hiyo ilikuwa ikimtaja mtu mwingine.

*

Sekela hakuwa hata nesi. Alikuwa mhudumu wa wodi, msichana wa miaka ishirini na saba kutoka Kyela, mnene kidogo, mwenye kicheko cha kusikika jikoni. Alikuja Lupando akiwa na cheti cha miezi tisa. Usafi wake ulikuwa wa wastani. Alisahau kuvaa kofia. Na alipoingia chumba namba saba, mpokezi nyuma ya sikio la Bi. Mbutolwe kiliruka kama samaki aliyerudishwa majini.

Subilaga aliwahi kusimama mlangoni kumchungulia, apate kuona ni uchawi gani. Hakuona kitu. Sekela alikuwa akifunga mrija huku akipiga soga peke yake juu ya bei ya nyanya. Alipomwona mkubwa wake alishtuka, akajifuta midomo kwa kiganja.

"Shikamoo sista."

"Marahaba. Umepitisha maji baada ya lishe?"

"Nimepitisha, sista. Thelathini."

"Sawa."

Hakuwa na la kumlaumu, na hilo ndilo lililomkera kuliko yote.

Kilichokuja kumtoa machozi ni kibao cha mlangoni. Sheria ilisema mkono ambao mwili wa mkazi unaupokea vizuri kuliko mingine uitwe Mkono wa Kwanza. Jina hilo liandikwe mlangoni, na mwenye jina ndiye amsemee mkazi kukiwa na uamuzi mkubwa. Damu haikuhesabiwa. Watunga sheria walikuwa na sababu zao: waliwaona watoto wengi waliowatembelea wazazi mara moja kwa mwaka, kisha wakaja kuamuru nani alishwe na nani aachwe. Lakini Subilaga hakuwa mtoto wa namna hiyo. Alimhamishia mama Lupando ili awe karibu naye. Alimwogesha, akamkata kucha, akamgeuza kila baada ya saa mbili mpaka mgongo wake mwenyewe ukapinda.

Jumapili moja mama mdogo, Tumwimbilege, alikuja na kikapu cha maparachichi. Alisimama mlangoni akakisoma kibao kwa sauti, kama mtu asomaye tangazo la msiba.

"Mkono wa Kwanza: Sekela. Sekela ni nani?"

"Mhudumu, mama mdogo."

"Mhudumu? Na wewe je? Si wewe uliyetoka tumboni humo?"

"Ni mashine tu, mama mdogo. Zinakosea."

Mama mdogo alimtazama, akasema polepole, pasipo kukusudia ubaya: "Dada yangu hakuwahi kukosea mtu."

Maneno hayo yalimwingia Subilaga kama mwiba wa samaki kooni. Hayakushuka, hayakutoka. Kuanzia siku hiyo kicheko cha Sekela kilimchoma hata kikitoka mbali. Akiwa anapanga zamu, alitamani kumpeleka wodi ya wanaume, akaandika, akafuta, kisha akaandika tena. Hakuthubutu. Namba zingeshuka, na kila mtu angejua kwa nini.

*

Mwezi wa nane ngozi iliyouzunguka mrija ikawa nyekundu, kisha ikatoa usaha. Daktari Gwakisa, mganga mkuu wa makao, aliuchomoa mrija asubuhi hiyohiyo.

"Tutampumzisha tumbo," alisema. "Tumlishe kwa mshipa hadi kidonda kipone."

Wakamwekea mrija mwembamba kwenye mshipa mkubwa chini ya mtulinga, na pampu ikaanza kumwingizia mfuko wa lishe mweupe kama maziwa, kwa saa kumi na nane kila siku. Kazi iliongezeka: sukari kupimwa kila baada ya saa sita, joto, rangi ya mkojo, kiungio cha mrija kusafishwa kwa mikono iliyovaa glavu safi. Yote yakaandikwa. Ila kulikuwa na nafasi moja ambayo kioo hakikuweza kuijaza chenyewe. Pampu haina pete. Lishe ikipita kwa mshipa, mpokezi kilitoa namba, lakini hakikujua ni nani aliyekaa na mkazi saa hiyo. Jina liliandikwa na nesi wa zamu.

Siku ya kwanza Sekela alikaa na Bi. Mbutolwe tangu saa sita hadi saa nane mchana. Mapokezi yalikuwa sitini na tisa. Subilaga alisimama mbele ya kioo. Nafasi ilikuwa wazi, kijimstari kikipepesa. *Mkono:*

Alijiambia kwamba na yeye aliingia mle chumbani mara mbili, kubadili mfuko. Si ni kweli aliingia? Alijiambia kwamba mama hakika alimsikia. Kidole kikaandika: *Subilaga.*

Hakuna kilichotokea. Jengo halikutetemeka. Kesho yake aliandika tena, na kesho kutwa. Siku ya tisa kibao cha mlangoni kikabadilika chenyewe, alipokuwa akipita na trei ya dawa. *Mkono wa Kwanza: Subilaga.* Akasimama akakisoma mara tatu. Furaha iliyompata ilikuwa tamu na ya aibu, kama ya mtoto aliyelamba sukari ya wageni. Alimpiga picha mama akiwa amelala, na kibao kikionekana nyuma, akamtumia mama mdogo.

Sekela naye alikiona. Alimfuata Subilaga kwenye chumba cha kufulia, akafunga mlango.

"Sista, samahani. Mimi si mtu wa kugombea majina. Nikiitwa nani pale mlangoni, mshahara ni uleule." Alikuwa akikunja pindo la aproni yake. "Ila wewe ndiye uliyetufundisha. Uliniambia kumbukumbu ni sauti ya asiyeweza kusema."

"Unataka kusema nini?"

"Nataka kusema iandikwe ilivyo."

"Sekela, yule ni mama yangu."

"Najua, sista."

"Hujui. Ungejua usingeingia mle ukichekacheka." Subilaga alisikia sauti yake ikipanda, akashindwa kuishusha. "Kuanzia kesho nenda wodi ya wanaume."

Sekela aliinamisha kichwa. "Ndiyo, sista," akasema, akatoka. Ndani ya siku mbili mapokezi ya chumba namba saba yalianguka hadi kumi na moja. Subilaga aliyaandika jinsi yalivyo. Homa ya kidonda, alijiambia.

*

Daktari Gwakisa alimwita ofisini siku ya Jumatano, kabla ya chakula cha mchana. Mvua ya Tukuyu ilikuwa ikipiga bati, ikabidi aseme kwa nguvu.

"Ini la mama halipendi lishe ya mshipani. Na mrija wenyewe nahofia utaziba. Hatuwezi kuendelea hivi zaidi ya wiki."

"Turudi tumboni?"

"Mahali pa zamani hapafai. Itabidi apasuliwe, tuweke mrija mpya chini zaidi, kwenye utumbo. Ni upasuaji, Subilaga, kwa mtu wa miaka themanini na minne. Kwa hiyo lazima aulizwe. Baraza la kitanda litakaa kesho saa nne."

Alijua utaratibu. Aliwahi kuusimamia mara kumi na moja. Mkono wa Kwanza humshika mkazi, humweleza kwa maneno mepesi kinachotakiwa, humwuliza mara tatu. Wastani ukifika thelathini, mwili umekubali, wanaendelea. Ukiwa chini ya hapo, umekataa. Wauguzi huchomoa kila kitu, humlainisha midomo kwa maji, na kumtuliza maumivu hadi aage.

"Nimefurahi kwamba ni wewe," Daktari Gwakisa alisema. "Nakiri, lile jina la zamani mlangoni lilikuwa likinisumbua. Mzazi kuulizwa na mwanawe, hiyo ndiyo heshima."

Subilaga alirudi chumba namba saba. Akafunga mlango, akaketi, akaushika mkono wa mama yake uliokuwa mkavu na mwepesi.

"Mama. Ni mimi, Subi. Wanataka kukuwekea mrija mwingine, upate kula. Unataka, mama?"

Kioo kikaandika: *9.*

Akauliza tena, akiwa amemkaribia zaidi. *8.* Akampapasa paji la uso, akamwimbia kipande cha pambio alilolipenda. *10.* Akatazama ile namba mpaka ikawa haina maana, kama neno linalorudiwa mno. Kisha likamjia wazo ambalo baadaye alilikiri kwa mama mdogo tu, na kwa Mungu. Bora aende akiwa wangu kuliko abaki akiwa wake.

Lilipita kwa kasi, kama paka anavyokatiza chumba. Lakini alikuwa ameiona rangi yake, na akaogopa.

*

Baraza lilikuwa la watu wanne waliozunguka kitanda: Daktari Gwakisa, mkaguzi kutoka wilayani aliyeitwa Bwana Kajuni, mama mdogo Tumwimbilege aliyevaa kanga mbili na viatu vya kanisani, na Subilaga. Bwana Kajuni alisoma kumbukumbu zote za siku ishirini za lishe ya mshipani kwa sauti ya kuchosha: njia, kiasi, kasi ya pampu, sukari, mkono, mapokezi. Alipofika kwenye siku zile tisa alitabasamu.

"Sitini na tisa. Sabini. Sitini na nane. Ni nadra kuona upendo ulioandikwa hivi," akasema. "Ingawa hizi siku za karibuni umeshuka sana."

"Ni homa," alijibu Daktari Gwakisa.

Mama mdogo alimshika Subilaga bega na kulifinya. Subilaga aliinama akakishika kiganja chepesi cha mama yake. Mvua ilikuwa imekatika.

"Kabla sijauliza," Subilaga alisema, "naomba Sekela aitwe. Amshike upande wa pili."

"Sheria inataka mkono mmoja," mkaguzi alisema. "Mikono miwili tutajuaje ameupokea upi? Endelea tu, sista."

"Nimechoka kidogo. Tungeahirisha..."

"Ini halitaahirisha," Daktari Gwakisa alisema kwa upole. "Uliza, Subilaga. Chochote atakachojibu, atakuwa amekujibu wewe."

Akafumbua kinywa. Aliona mdomo wa mama yake, uliokauka pembeni, aliokuwa ameupaka mafuta asubuhi ile. Akauachia ule mkono, akasimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.

"Mimi si Mkono wa Kwanza. Zile siku tisa alikaa Sekela. Niliandika jina langu."

Mkaguzi alirudi kukitazama kioo kana kwamba kingemwambia vingine.

"Mara ngapi?" akauliza.

"Mara zote. Kila palipo na jina langu juu ya sitini, ni yeye."

"Subi!" Mama mdogo aliyatamka hayo kama aliyeungua. "Kwa nini mwanangu?"

"Wivu, mama mdogo." Alishangaa jinsi neno lilivyokuwa fupi. "Nilimwonea wivu. Bado namwonea. Lakini nikimuuliza mimi, mtamzika Jumamosi, naye hajasema anataka kufa. Amesema tu kwamba hanitaki mimi."

Sekela aliletwa akiwa bado na ndoo mkononi. Walipomweleza alimtazama Subilaga, na Subilaga akatazama sakafu. Kisha msichana akaiweka ndoo chini, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akaketi ukingoni mwa kitanda, jambo lililokatazwa.

"Bibi," akasema, "ni mimi mtu wa Kyela. Wanataka wakukate hapa, padogo, wakuwekee mrija mwingine. Kutauma. Unaweza usiamke. Ukipona tutaendelea kula. Unataka, bibi?"

*66.*

Akauliza mara ya pili. *72.* Mara ya tatu, kabla hajamaliza sentensi, *75.*

Mama mdogo alianza kulia kwa sauti. Subilaga alishusha pumzi aliyokuwa ameizuia tangu Jumatano. Na chini kabisa ya ile shukrani, kama kokoto ndani ya kiatu, ilikuwepo ileile sabini na tano, ikichoma.

*

Upasuaji ulikwenda salama. Subilaga alisimamishwa kazi siku ileile, na baada ya wiki tano baraza la wauguzi likaamua: miaka miwili asiandike kumbukumbu yoyote ya mkazi, na jina lake litolewe kwenye orodha ya wakufunzi. Hakukata rufaa. Alipoulizwa kama ana la kusema, alisema adhabu ni ya haki, akaomba ruhusa ya kumtembelea mama yake kama mgeni wa kawaida. Alipewa.

Mara ya kwanza alipoingia kwa mlango wa wageni, wenzake wa zamani hawakujua wamwite sista au wamwite nani. Kwenye chumba namba saba Sekela alikuwa akiandaa mlo wa mchana. Alimsogezea kiti.

Hatimaye Subilaga akauliza lile ambalo majivuno yalimzuia kuliuliza miezi yote.

"Unamfanyaje?"

Sekela alitazama mlangoni, akapunguza sauti. "Nitafukuzwa, dada."

"Na nani? Mimi si mkubwa wako tena."

Akavuta droo ya kabati. Ndani kulikuwa na kibakuli chenye kifuniko, ndizi za kupika na maharage, bado vya moto. "Nakula naye. Siku ya kwanza niliona huruma, nikawa na njaa pia. Nikaketi hapa nikala, nikimwambia leo chumvi imezidi, leo wamechoma vitunguu. Mrija unaingia kwake, kijiko kinaingia kwangu. Nikaona namba imeruka." Akacheka kidogo, kwa woga. "Mwanamke wa kwetu hali peke yake, dada. Anayekula peke yake ni mgonjwa au mchoyo."

Wafanyakazi hawaruhusiwi kula wodini; ni kweli, na ilikuwa na sababu, na aliyeiandika kanuni hiyo ni Subilaga, kwa mkono wake. Kwa miezi sita alimlisha mama yake akiwa amesimama, macho kwenye kioo, tumbo lake likiwa tupu mpaka mwisho wa zamu. Alitaka kusema kwamba hakujua. Lakini alikulia kwenye jiko la Bi. Mbutolwe, ambako mtoto hakuachiwa sahani peke yake hata akichelewa kutoka shule. Mama aliketi naye akamega tonge moja, mawili, ingawa alikuwa ameshakula. Alijua. Alikuwa amelisahau tu, na aliyemkumbusha ni mgeni.

"Nipe hicho kibakuli," alisema.

Sekela akampa. Akafungua lishe, akamwachia kiti, akatoka nje ili pete yake isichanganye kioo.

Subilaga alikula. Mwanzoni alitafuna kama mtu anayemeza dawa, machozi yakimshukia hadi kidevuni. "Ndizi zimeiva kidogo," alimwambia mama. "Wewe ungewagombeza. Maharage mazuri lakini. Wameweka nazi, sijui nani kawafundisha, huku kwetu si kawaida." Akaendelea kusema, hili na lile, mama mdogo na mguu wake, mvua, paa la jikoni linalovuja. Kioo kiliandika kumi na nne. Baadaye kumi na tisa. Kilipofika ishirini na sita kikasimama hapo, na chini ya thelathini hakuna anayehesabu.

Akachota kijiko cha mwisho. Ndipo alipoona taya la mama yake likisogea. Polepole, upande mmoja tu, ule ambao kiharusi hakikuugusa. Likasogea tena. Bi. Mbutolwe alikuwa akitafuna, hana kitu mdomoni, akiufuata mwendo wa binti yake.

Subilaga aliacha kijiko hewani. Hakuna aliyewahi kuliona hilo, hata Sekela. Kwa dakika nzima lilikuwa lake peke yake, lake kabisa, na angeweza kulifunga kifuani akaenda nalo nyumbani.

"Sekela!" akaita, sauti ikimkatika. "Sekela, njoo haraka. Njoo uone mama anavyokula."